Usipokiona kioo cha lori, dereva naye hakuoni

Foleni ya Kiruruma haifanani na foleni ya Ubungo. Huko Karagwe hakuna taa za kuongozea magari kila njia panda wala barabara ya njia sita. Foleni ya huko ni Fuso moja lililojaa mikungu ya ndizi, linapanda kilima kwa gia nzito, na nyuma yake imejipanga Noah ya abiria, bodaboda wanne, pikipiki ya mwalimu anayewahi kipindi cha kwanza, na kijana anayesukuma baiskeli yenye madumu ya maji. Msimu wa kahawa ukishika kasi, malori ya magunia yanaongezeka, na siku ya gulio ndiyo kabisa. Karagwe nzima na Kyerwa yote hadi Murongo, mpakani na Uganda, hali ni hiyo hiyo. Kila aliye nyuma ya lori ana haraka. Mara mmoja wao anachoka kusubiri, anachungulia kidogo kulia, anapiga resi.

Uamuzi huo wa sekunde moja ni suala la afya kama ilivyo kunywa maji yasiyochemshwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu takriban milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 ndicho kisababishi kikuu cha vifo. Yaani mtoto akishavuka ile hatari ya malaria na kuhara ya utotoni, kinachomsubiri mlangoni ni barabara. Hata hivyo, kliniki tunampeleka kila mwezi akiwa mchanga, na akifika miaka 16 tunampa pikipiki bila kumfundisha lolote kuhusu lori.

Leo nataka tuzungumzie hilo lori, kwa sababu watu wengi wanaoumia karibu na magari makubwa hawakuwa na nia mbaya. Wanaliona lori kama gari dogo lililokuzwa. Wanadhani likitaka kusimama litasimama, na kwamba dereva wake, kwa kuwa amekaa juu kabisa, anaona kila kitu.

Kukaa juu kunamsaidia kuona mbali. Karibu yake ndiko haoni. Mtu aliyesimama mbele kabisa ya pua ya lori, mtoto hasa, anaweza kufichwa na dashibodi. Nyuma ya bodi haoni chochote. Hana kioo cha ndani kama chako, mbele ya macho yake pana ukuta wa chuma na magunia. Ubavuni anategemea vioo viwili, na kwa lori letu lenye usukani kulia, upande wa kushoto ndiko kuna eneo kubwa asiloliona. Huko kushoto ndiko bodaboda na baiskeli hupenda kupenya, kwa sababu ndiko kuna nafasi. Kyerwa inapakana na Uganda na pia Rwanda, na Rwanda wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo ukikuta lori lenye usukani kushoto geuza hesabu hiyo: upande wake mbaya ni kulia, kule kule unakopitia unapolipita. Kanuni ya kukumbuka ni rahisi. Ukiwa nyuma au ubavuni mwa lori, tafuta kioo chake. Kama huoni uso wa dereva ndani ya kioo hicho, yeye naye hakuoni, hata ukipiga honi hadi betri iishe.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Lori refu, hasa lenye tela, likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Yanakata kwa ndani. Ndiyo maana dereva anayetaka kuingia kushoto huanza kwa kupeleka kichwa kulia, na mwenye pikipiki akiona lori limesogea kulia anadhani amepewa njia. Anaingia kushoto. Sekunde chache baadaye ubavu wa tela unamfuata, na nafasi aliyokuwa nayo inafungwa kama mlango. Mtu anayesagwa namna hii mara nyingi hapigwi na kichwa cha gari. Anaangushwa na ubavu, kisha gurudumu la nyuma linapita. Ukiona indiketa ya kushoto inawaka kwenye lori, hata kama limepinda kulia kama linakwenda Kampala, baki nyuma.

Sasa tufanye hesabu ya kulipita. Chukua lori lenye tela, urefu wa mita 18, liko kwenye lami ya Kyaka hadi Bugene likienda kilomita 60 kwa saa. Wewe uko kwenye pikipiki kwa kilomita 80. Ukianza kutoka mita 20 nyuma yake na kurudi njia yako mita 20 mbele yake, utatumia karibu sekunde 11 ukiwa upande wa wenzio. Katika sekunde hizo utakuwa umekwenda mita 240. Gari linalokuja mbele, likiwa nalo na kilomita 80, litakuwa limekwenda mita 240 vilevile. Kwa hiyo ulihitaji barabara tupu ya karibu nusu kilomita, unayoiona yote kwa macho yako kabla hujaanza. Niambie, katika vilima vile na kona zile zenye migomba hadi ukingoni, ni wapi unaona nusu kilomita?

Mtu atasema lori linalopanda kilima haliendi 60, linatambaa. Sawa. Fuso la mita 10 linalotambaa kwa kilomita 15, wewe ukilipita kwa 40, utatumia kama sekunde tano. Lakini anayekuja kutoka juu hatambai, anateremka. Akiwa na 80, mnahitaji karibu mita 170 wazi kati yenu. Watu hupita wakiwa na mita 50, na wanaporudi salama wanachukulia kuwa ni ufundi. Ukweli ni kwamba siku hiyo hakuna aliyekuwa anateremka. Na kwenye barabara ya vumbi, wakati wa kiangazi, hata hizo 50 hazipo. Nyuma ya lori kuna wingu jekundu, na anayeingia ndani yake anapita kwa imani.

Breki nazo. Malori makubwa hutumia breki za upepo, na upepo unahitaji muda kidogo kufika kwenye magurudumu baada ya dereva kukanyaga. Ongeza uzito wa tani kadhaa za mzigo, ongeza mteremko, ongeza breki zilizopata moto kwa kukanyagwa tangu juu ya kilima. Breki zikipata moto sana hupoteza nguvu, dereva anakanyaga na gari linaendelea. Sheria yetu inayataka magari makubwa ya zaidi ya tani 3.5 yasizidi kilomita 80 kwa saa, na wote tusizidi 50 katika maeneo ya makazi yenye vibao. Lakini hata lori linalotii sheria hiyo haliwezi kusimama ghafla kwa sababu wewe umechomekea mbele yake ukajikumbusha kuwa abiria wako anashuka dukani. Zile mita ambazo dereva mzoefu anaziacha mbele yake ndizo breki zake. Ukizijaza na pikipiki yako, umemwondolea breki.

Wapo wanaosema tunawatetea wenye malori. Hapana. Wapo madereva wa malori wanaoendesha usiku kucha bila kulala, wapo wanaoshusha vilima kwa gia huru ili kuokoa mafuta, na wapo wanaoegesha gari bovu gizani bila pembetatu, wakiweka matawi mawili ya mti barabarani kana kwamba matawi yanang'aa. Mwendesha pikipiki anayegonga nyuma ya lori lililokufa usiku hana kosa lolote zaidi ya kwenda nyumbani. Trafiki wanapaswa kuwashughulikia hao bila huruma. Ila mwenye lori akikosea, mara nyingi hushuka mwenyewe kwa miguu yake. Mifupa inayovunjika ni yako, kwa hiyo nazungumza na wewe.

Agosti 10, 2019, eneo la Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Taarifa zilizotolewa wakati ule zilieleza kuwa dereva alikuwa akimkwepa mwendesha pikipiki. Watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Tunaikumbuka Morogoro kwa sababu ya mafuta na ndoo, na ni haki, kwa kuwa tenki likianguka umbali ndiyo usalama pekee. Lakini kabla ya ndoo kulikuwa na pikipiki moja na lori moja lililolazimika kupinda. Machi 11, 2015, Changarawe karibu na Mafinga, basi na lori lenye kontena viligongana, kontena likaliangukia basi, na zaidi ya watu 40 walikufa. Na kule Kenya, Londiani, Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliingia kwenye wafanyabiashara na abiria waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wale hawakuwa wakiendesha chochote. Walikuwa wakiuza na kusubiri gari.

Londiani inanipeleka kwenye magulio yetu. Meza ya nyanya inasogea hatua moja kila mwezi hadi inakuwa juu ya lami, kwa sababu mteja wa kwenye gari hashuki, anataka kununua dirishani. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zinakusanya ushuru wa meza hizo. Zinazo nguvu za kuzirudisha nyuma mita kumi, na hasa kuziondoa kabisa chini ya miteremko na kwenye kona, mahali ambapo lori lililofeli breki ndipo litakapoishia. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji mtendaji wa kata mwenye kamba na chokaa, na diwani asiyeogopa kura za wauza nyanya kwa wiki moja.

Turudi kwenye mwili wa mtu, maana hii ni safu ya afya. Gari dogo hukugonga na kukurusha. Lori hukuangusha na kukupanda. Nyonga hupasuka, paja huvunjika, ngozi na nyama huchunika kutoka kwenye mfupa kama soksi inavyovuliwa. Mtu mzima ana damu kama lita tano. Paja lililovunjika peke yake linaweza kumeza zaidi ya lita moja ndani kwa ndani bila wewe kuona tone nje, na nyonga iliyopasuka humeza zaidi ya hapo. Majirani wanasema "hajatoka damu sana," huku mtu anazidi kuwa baridi, jasho linamtoka, anaomba maji. Hiyo kiu ni dalili ya kuishiwa damu. Usimpe maji wala soda, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji ndani ya saa chache.

Na saa ndizo adimu huko. Nyakahanga kuna hospitali, Isingiro kuna hospitali, na zinaokoa watu wengi. Lakini aliyeumia vibaya ubongo au uti wa mgongo atapelekwa hospitali ya rufaa Bukoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kayanga, na huenda akavushwa hadi Bugando, Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo anayefika wa kwanza pale barabarani, ambaye karibu siku zote ni bodaboda mwingine au mama aliyekuwa anatoka shambani, ndiye tabibu wa nusu saa ya kwanza.

Kama damu inaruka au inatiririka, bonyeza. Kunja kitenge, weka juu ya jeraha, bonyeza kwa uzito wa mwili wako wote na usiachie ili kuchungulia. Kama ni mguu au mkono uliosagwa na kubonyeza hakutoshi, funga kitambaa kipana, upana wa vidole vitatu au vinne, juu ya jeraha upande wa mwilini, ingiza kijiti na kukisokota mpaka damu ikome, kisha kumbuka saa uliyofunga na umwambie muuguzi. Usitumie waya wala kamba ya katani, vitakata nyama. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu, kichwa na shingo vikiwa vimeshikwa sawa na mgongo, ili matapishi yasimzibe. Kofia ngumu usimvue kwa kuivuta, isipokuwa hapumui.

Nisisitize moja ambalo tunalifanya kila wiki na linapoozesha watu. Majeruhi anapakiwa kwenye pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma, yeye katikati kichwa kikining'inia. Kama uti wa mgongo ulikuwa umevunjika lakini mshipa wa fahamu bado uko salama, safari hiyo ndiyo inaukata. Tafuta gari la wazi. Tafuta mlango, ubao, hata ngazi, mlazeni juu yake watu wanne kwa pamoja, wote mkigeuza kwa sauti moja. Dakika tano za kutafuta ubao si hasara, labda awe anavuja damu msiyoweza kuizuia. Polisi wanapatikana kwa namba 112 na Zimamoto na Uokoaji kwa 114. PF3 ni karatasi muhimu, lakini ni karatasi. Mmoja wenu aifuatilie kituoni wakati majeruhi anaendelea na safari ya hospitali.

Kuna majeruhi mwingine ambaye hakimbizwi popote. Ameguswa na ubavu wa tela, ameanguka, amesimama, amejipangusa vumbi, watu wamecheka na yeye amecheka. Amerudi nyumbani. Usiku kichwa kinauma zaidi, anatapika, anaongea maneno yasiyoeleweka, analala usingizi mzito. Asubuhi hawamwamshi. Damu ilikuwa ikijikusanya polepole kati ya fuvu na ubongo. Yeyote aliyegonga kichwa, hata akisema yuko salama, asilale peke yake usiku huo. Mwamsheni kila baada ya saa mbili, mwulizeni jina lake na jina la mtaa. Akitapika mara kwa mara, akiwa mgumu kuamka, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, maji meupe au damu ikamtoka puani au sikioni, au akapata degedege, msingoje kukuche wala msimpe panado na kumfunika blanketi.

Kofia ngumu inapunguza hatari hii sana. Tafiti nyingi zilizochambuliwa kwa pamoja zimeonyesha kuwa hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini ni ile iliyofungwa mkanda kidevuni. Inayoning'inizwa kwenye kiwiko ili trafiki aione inalinda kiwiko. Na abiria je? Mama aliyebeba mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kikiwa wazi, nyuma yake mwanafunzi, mishikaki ya watu wanne inayopenya kati ya lori na kingo ya mtaro: hapo hakuna kofia itakayowatosha. Dada, mama, una haki ya kusema "baba, mimi nashuka hapa" pale dereva anapoanza kushindana na lori. Nauli umelipa ya kufika. Vilevile mzazi, ukimwona mwanao ameshika bomba la nyuma ya lori akiwa kwenye baiskeli ili avutwe kilimani, au amekaa juu ya magunia ya kahawa akirudi shule, huo si ujanja wa kijana.

Vituo vya bodaboda vina viongozi, vina ada na vina vikao. Kikao kimoja kwa mwaka kikimwita muuguzi wa zahanati ya jirani awafundishe kubana damu na kumgeuza majeruhi, kata nzima itakuwa na wahudumu wa kwanza ambao tayari wako barabarani mchana na usiku. Kwenye boksi la kituo kuwe na vitambaa vipana, kijiti, glovu na tochi, na ubao mrefu usimame ukutani nyuma yake. Vitu hivyo havizidi bei ya tairi moja la pikipiki.

Halafu kuna damu yenyewe. Anayefika hospitali akiwa ameishiwa lita mbili anahitaji kuongezewa siku hiyo hiyo, na chupa atakayowekewa ilitolewa na mtu mzima wa afya kabla ajali haijatokea. Kama una miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, mwanaume unaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya minne.